Kumnyoa Amiri

Amiri Mbwarali alicheka, na watu wote waliokuwa pangoni wakacheka naye, isipokuwa Mwatime Shekuwe.

Habari iliyomchekesha haikuwa na mzaha ndani yake. Ngisi, meli ya doria iliyotangulizwa kwenye Mlango wa Kizinga, njia nyembamba ya bahari, ilikuwa imepasuka vipande viwili na kuzama na watu wake. Amiri akacheka kile kicheko chake kipana, ambacho kila mtoto wa Visiwa hukisikia shuleni Siku ya Ushindi, akasema meli moja si kitu. Yi Sun-sin wa Korea aliingia mlango mwembamba na meli kumi na tatu dhidi ya mia na zaidi, na akatoka mshindi.

"Nilikuwepo," akasema Amiri. "Nakumbuka mkondo ulivyogeuka."

Hakuwepo. Vita vile vilipiganwa karne nyingi kabla babu wa babu yake hajazaliwa, na Amiri mwenyewe alikuwa amekufa miaka arobaini iliyopita, kitandani, kwa ugonjwa wa sukari, mguu mmoja umeshakatwa. Kilichobaki kilikuwa sauti iliyotoka kwenye kuba la shaba juu ya meza ya ramani, na nyuma ya sauti hiyo akili nzima, iliyonakiliwa kidogo kidogo kwa utepe aliokuwa akiuvaa chini ya kofia alipokuwa hai. Kila mtu pangoni aliyajua hayo. Lakini ukimwamkia mfu kila asubuhi naye akaitikia, baada ya muda unasahau kwamba ni mfu.

Mwatime hakusahau, maana yeye alikuwa kinyozi wake.

Ndivyo walivyojiita wale watu watatu waliotunza akili ya Amiri chini ya mwamba wa kisiwa cha Mkunguni. Akili si kanda ya sauti kwamba itasema leo ilichosema jana. Ukiiamsha inafikiri, na ikifikiri inaotesha mambo: mashaka, majuto, matusi kwa mawaziri. Kwa hiyo kila mwaka, siku moja kabla ya Siku ya Ushindi, Amiri alinyolewa. Wembe wao ulikuwa mkono wa mashine uliopita ndani ya ile akili na kukata kile ambacho taifa halikutaka kukisikia. Palipobaki pengo walishona kiraka, kwa kuwa akili yenye pengo huyumba, na kiraka kilichokaa vizuri kuliko vyote kilikuwa ushindi wa watu wengine. Ndiyo maana Amiri alikumbuka Salamis, vita vya Wagiriki wa kale, alivyowavuta Waajemi kwenye maji membamba hadi meli zao zikagongana zenyewe kwa zenyewe. Alikumbuka Trafalgar, alivyoukata mstari wa adui mara mbili. Risasi iliyomuua Nelson, mshindi wa vita hivyo, siku hiyo hiyo hawakumshonea. Vinyozi hawakumwachia kitu chochote kinachouma.

Miaka arobaini ya kunyolewa ilikuwa imezaa shujaa ambaye hajawahi kushindwa mahali popote. Na sasa, kwa mara ya kwanza tangu afe, walikuwa wamempa meli za kweli zenye watu ndani.

Dola ya Merani ilikuwa imekuja na meli themanini. Visiwa vilikuwa na ishirini na nne, sasa ishirini na tatu. Merani walikuwa wamechafua anga lote hata redio haipiti, na amri zilisafiri kwa sauti chini ya maji, kutoka kwenye kuba la shaba hadi kwenye matumbo ya meli. Sheria ya Visiwa ilikuwa wazi kabisa: vita vikianza, neno la Amiri linapita neno la waziri. Walioiandika sheria hiyo hawakudhani kuna mtu atakayekuja kuitumia.

"Ingizeni meli zote mlangoni," akasema Amiri. "Kikosi cha Kwanza mbele, cha Tano nyuma. Adui atatufuata humo, naye ni mnene, atakwama."

Komodoro Hatibu Makungu, mkuu wa pango, aliipeleka amri bila kupepesa. Alikuwa mtu mrefu, msafi mno, mwenye tabia ya kuvuta mikono ya shati lake kila alipojiandaa kumjibu mtu. Mwatime alisubiri mtu mwingine aseme. Hakuna aliyesema, basi akasema yeye, tena kwa sauti iliyofika kila pembe, kwamba Ngisi haikupigwa na meli bali na pono. Hilo ndilo jina walilowapa wale samaki wa chuma wa Merani waliolala chini ya bahari fofofo mpaka wasikie mashine ya meli ikipita juu yao. Kama pono wako Kizinga, Merani waliwatega kabla, na kama waliwatega kabla, walijua kwamba Amiri atataka kuingia Kizinga. Vitabu vya watoto wa Visiwa vinauzwa hata Merani. Kila mtu anajua Amiri anapenda milango.

Maafisa walitazama ramani. Amiri akacheka tena, akasema sauti ya huyo mama inamkumbusha nahodha mmoja mwoga wa Salamis.

Komodoro akamwonyesha Mwatime mlango kwa kidevu.

*

Kwenye ujia wa mawe Komodoro hakupandisha sauti, na hilo lilimtia Mwatime hofu kuliko kama angefoka. Alimuuliza nani aliyemwajiri katika pango hili kusema habari za vita. Mwatime akajibu kwamba Komodoro anajua vizuri anachotaka kusema, na anajua kwamba ni kweli. Amiri aliwahi kuingia Kizinga, alipokuwa hai. Siku ya kwanza ya vita vile maarufu aliingia na meli zake zote, akapigwa, na akatoka kinyumenyume. Ushindi wanaouimba watoto ni wa siku ya pili, alipokizunguka kisiwa usiku kucha na kuwakuta Merani wamejaa mlangoni wakijishangilia. Siku ya kwanza ndiyo nywele za kwanza alizonyolewa Amiri. Kiraka chake kilikuwa Salamis.

"Mwenye kujua kushindwa angegeuza sasa hivi," akasema. "Huyu hajui. Tumemnyoa mpaka hajui. Nipe ruhusa nimrudishie ile siku ya kwanza."

Komodoro alivuta mkono wa shati, kisha wa pili. Akamuuliza kama anakumbuka Amiri alivyotoka siku ile. Mwatime alikumbuka, kama alivyohadithiwa na marehemu Maalim Shazume aliyemfundisha kazi. Nusu ya Merani walikuwa wamezunguka nyuma ili kuufunga mlango. Amiri alizitaka meli zake tano za mwisho zisimame pale kwenye kinywa cha mlango, ziushikilie, mpaka nyingine zitoke. Zote zilitoka isipokuwa hizo tano. Vitabuni imeandikwa kwamba zilichukuliwa na dhoruba.

"Leo nani yuko nyuma, Bi Mwatime?"

"Kikosi cha Tano."

"Na nahodha wa Pweza ni nani?"

Nahodha wa Pweza alikuwa Raya, mwana wa pekee wa Mwatime, aliyemzaa kwa taabu na kumlea peke yake humo humo Mkunguni, mtoto aliyejifunza kuhesabu kwa kupanga vigae vya kumbukumbu juu ya meza ya mama yake.

Komodoro akamwambia polepole, kama mtu anayemsaidia mwenzake kufanya hesabu. Raya yuko kwenye kinywa cha mlango, hajaingia ndani. Mambo yakienda vibaya, Kikosi cha Tano ndicho pekee chenye bahari wazi nyuma yake, kitageuka na kwenda zake. Mtu wa kwanza kufa leo atakuwa mbele, na Raya ndiye wa mwisho kabisa. Lakini Mwatime akimrudishia Amiri kipande kile, Amiri atafanya alichofanya, na wa mlangoni ndio watakaobaki.

"Sasa ruhusa ninakupa," akasema. "Nenda kakilete. Nataka nione kama utakileta."

Mwatime alimchukia kwa maneno yale kuliko alivyowahi kumchukia mtu. Alimchukia zaidi kwa sababu kwa kitambo, akiwa amesimama pale na mgongo wake ukutani, alikuwa ameshafurahi. Raya yuko mlangoni, ana mahali pa kukimbilia. Wengine ni wana wa watu wengine, na yeye hakuwaingiza huko. Aliiona furaha hiyo ilivyo, na bado haikumtoka.

*

Nywele na kucha za mtu hazitupwi ovyo. Hufukiwa, mbaya wako asije akazichezea. Watu wa Visiwa walikuwa wameipeleka imani hiyo mpaka kwenye mashine. Hakuna kipande cha Amiri kilichowahi kufutwa. Kila unyoaji ulihifadhiwa kwenye kigae cha kioo kidogo kama kidole, na vigae vikapangwa kwenye shimo lililochimbwa mwishoni mwa pango, lenye kifuniko cha jiwe, ambalo vinyozi waliliita kaburi. Mawaziri wengi waliotaka shimo lile lichomwe moto waligonga mwamba. Watu ambao hawakujali mfu wao ananyolewa nini hawakukubali nywele zake ziteketezwe.

Mwatime alilifunua. Alikuwa akijiambia kwamba anakwenda kutazama tu, na kwamba kutazama si kuchukua. Kigae cha kwanza kilikuwa chini kabisa, kimegeuka rangi ya chai. Alikishika kiganjani, na pale pale mwamba ukatikisika kidogo, vumbi likamwangukia mabegani. Kitu kikubwa kilikuwa kimepasuka baharini upande wa kaskazini.

Akasimama akisikiliza. Ukaja mtikisiko wa pili. Meli mbili za Kikosi cha Kwanza, akafikiri, na kila moja ina watu themanini. Aliwajua baadhi yao kwa sura, walikuwa wakija pangoni kula kiapo mbele ya Amiri, wamevaa nguo zilizopigwa pasi, na mama zao wakisubiri nje kwenye jua na vikapu vya vitumbua. Alijaribu kumfikiria Raya tu na hakuweza, na hilo lilimkasirisha. Alitamani awe mama asiye na habari na kitu kingine chochote.

Alikitia kigae mfukoni na kurudi kwenye chumba cha ramani, akitembea upesi ili asibadili nia.

Chumbani hakuna aliyekuwa akicheka tena isipokuwa kuba la shaba. Amiri alikuwa akieleza kwamba hasara ya mbele ni ya kawaida, kule Trafalgar ilikuwa vivyo hivyo, wasonge. Afisa wa masikio, yule aliyesikiliza bahari kwa vinasa sauti, alisema meli zilizobaki za mbele zimezungukwa na pono na haziwezi kusonga wala kugeuka bila mpango. Akasema pia kwamba anasikia mashine nyingi kutoka kusini. Nusu ya Merani walikuwa wamezunguka kisiwa, wanakuja kuufunga mlango kwa nyuma, kama ile mara ya kwanza.

Mwatime alikwenda moja kwa moja kwenye kiti chake chini ya kuba. Hakutaka kumrudishia kwa kumvizia. Kwa miaka mingi alikuwa amemkata mtu huyu bila kumuuliza, na leo aliona haya.

"Amiri," akasema, "mimi ni kinyozi wako. Nina kipande chako ambacho ulinyolewa. Ni siku ya kwanza ya Kizinga. Ukikipata kitakuuma. Unakitaka?"

Komodoro aliinuka. Hakuamini kwamba angekileta, na uso wake ulionyesha hivyo. Akaamuru mwanamke huyo atolewe. Askari mmoja akapiga hatua.

"Mwacheni," akasema Amiri. Kicheko kilikuwa bado kimo sautini, lakini kilikuwa kimepungua. "Siku ya kwanza ya Kizinga niliwavuta ndani wakagongana. Sivyo?"

"Hiyo ni Salamis, Amiri. Tulikushonea."

Mashine iliyopoza akili ya Amiri ikaongeza mvumo, kama ilivyofanya kila alipofikiri kwa nguvu.

"Nimekuwa nikijiuliza," akasema hatimaye, "kwa nini Wagiriki wale wote walinisemesha Kiswahili. Nipe kilicho changu."

Neno la Amiri linapita la waziri, na la komodoro pia. Komodoro alikaa chini taratibu. Mwatime alikichomeka kigae, akakata uzi wa Salamis, akakiweka kipande cha kale mahali kilipotoka. Kazi hiyo huchukua muda mfupi kuliko kumenya chungwa.

*

Sauti iliyofuata hakuna aliyewahi kuisikia. Ilikuwa ya mzee, kavu, na haikuwa na kicheko hata chembe. Iliuliza majina ya meli zilizo hai, moja moja, na mahali zilipo. Iliuliza maji yanakwenda wapi saa hii. Kisha ikatoa amri. Vikosi vinne vya mbele vizime mashine, kwa sababu pono hawamsikii asiyepiga kelele, na viachie maji ya kupwa yavibebe hadi nje upande wa kusini, kimya, kimoja nyuma ya kingine. Vikishatoka vikizunguke kisiwa na kuwapiga Merani wa kaskazini mgongoni.

"Kikosi cha Tano," ikasema sauti, kisha ikasita. "Kikosi cha Tano kibaki kwenye kinywa cha mlango. Kiwashe mashine zote, kipige kelele, kiwakabili wanaokuja kutoka kusini. Kisiondoke mpaka meli ya mwisho ipite."

Mwatime alikuwa ameitazamia amri hiyo, hata hivyo alishika ukingo wa meza.

"Amiri," akasema Komodoro, na sasa alikuwa akitabasamu kidogo, "nahodha wa Pweza ni binti wa huyu kinyozi wako. Huenda Amiri angependa kujua."

Hakusema hivyo kwa huruma. Alitaka Mwatime apige magoti mbele ya watu na kuomba, kusudi iwe wazi kwa kila mtu kwamba hakuwa bora kuliko yeye. Na Mwatime alitamani kuomba. Neno moja lingetosha. Amiri angeitoa Pweza, angeiweka meli nyingine, na ndani ya meli hiyo kungekuwa na mtoto wa mwanamke mwingine.

"Ulijua?" akauliza Amiri. "Ulijua yuko pale, na bado ukanirudishia?"

"Nilijua."

"Basi wewe ni mbaya kuliko mimi. Mimi kule sikuwa na mwana."

Akasubiri kidogo, pengine akimpa nafasi. Mwatime hakufungua kinywa. Alikuwa akijua kwamba akikifungua kitatoka kile kile anachokikataa.

"Peleka amri," akasema Amiri.

Jibu lilikuja baada ya muda, likikwaruza kwa kupita majini. "Pweza kwa Amiri. Nimepokea. Kikosi cha Tano tunabaki." Kisha sauti ile ile, ya chini kidogo, ikauliza kama Bi Mwatime Shekuwe yuko chumbani. Afisa wa masikio alimtazama Komodoro, Komodoro akainua mabega, na afisa akampa Mwatime kinasa sauti.

"Nipo, Raya," akasema Mwatime.

"Sauti ya Amiri imebadilika."

"Ndiyo, mwanangu."

"Ni wewe?"

Angeweza kusema ni amri ya Komodoro. Angeweza kusema Amiri mwenyewe alitaka, na isingekuwa uongo.

"Ni mimi," akasema. "Nimemrudishia ile siku ya kwanza."

Raya alizijua zile meli tano. Alikulia kwenye meza ile, alisikia mengi ambayo hakutakiwa kuyasikia. Kwa mbali, katikati ya mngurumo wa mashine, Mwatime alimsikia mtu wa Pweza akitaja umbali wa adui.

"Ungeniambia, ningekubali," akasema Raya. "Ungeniuliza tu, Mama. Umemuuliza yule mfu, mimi hukuniuliza."

"Raya."

"Sina la kukwambia sasa. Nina kazi."

Akakata. Mwatime aliendelea kukaa na kinasa sauti mkononi, mpaka afisa wa masikio akakichukua bila kumtazama usoni, kwa kuwa alikihitaji.

Vita vilikwenda kama Amiri alivyosema. Vikosi vinne vilielea kimya kupita juu ya pono waliolala, vikatoka, vikazunguka. Kwenye kinywa cha mlango, Kikosi cha Tano kilisimama na kupiga kelele. Changu ilikwenda kwanza, kisha Kasa na Taa pamoja, kisha Chewa. Pweza ilibaki peke yake muda mrefu kuliko mtu yeyote alivyotarajia, na afisa wa masikio, aliyekuwa kijana wa umri wa Raya, alivua vipokea sauti masikioni kabla haijaisha, akasema hasikii vizuri. Meli ya mwisho ilikuwa imeshapita.

*

Alasiri ile jua lilikuwa kali nje ya pango na watu walikuwa wakiimba. Merani waliobaki walikuwa wamekimbia, na meli zao nyingine zilinaswa mlangoni kati ya pono wao wenyewe. Nyimbo ziliingia kwenye matundu ya hewa, zote zikimtaja Amiri.

Komodoro alikuja kwenye kiti cha Mwatime, shati lake limelowa jasho. Waziri alikuwa kwenye simu ya waya, anataka kumpongeza Amiri, na pongezi hizo zingesikika moja kwa moja katika kila nyumba ya Visiwa. Sauti ile ya kizee haikufaa. Akamwamuru amnyoe, sasa hivi, amrudishie Salamis na kicheko chake. Kuhusu Kikosi cha Tano, taarifa ilikuwa imeshaandikwa kwamba walipotelea dhorubani.

"Leo hakukuwa na wingu," akasema Mwatime.

"Watu hawatazami mawingu. Nyoa."

Akaenda kumshikilia Waziri kwenye waya. Mwatime alishika wembe, na kuba juu yake likanong'ona, kwa sauti aliyoweza kuisikia yeye peke yake.

"Mtii," akasema Amiri. "Nitolee, kinyozi. Nakuomba."

Mwatime alimwambia hakuwahi kumsikia akiomba kitu.

"Hukuwepo. Ile mara ya kwanza niliomba mwenyewe. Serikali haikuniamuru. Nilikuwa hai bado, nimevaa utepe, nikamwita Shazume nikamwambia, hii usiipitishe kwenye nakala, nitakufa nayo mimi, yule wa baadaye asiibebe. Walionifuatia waliona jinsi ilivyo rahisi, wakaendelea." Mvumo wa mashine ulipanda na kushuka. "Nimewasikia wakiungua mara mbili sasa. Mtu hai husahau kidogo kidogo. Mimi sisahau. Nitawasikia hivi hivi kila utakaponiamsha. Una haki ya kunichukia, lakini hii si adhabu ya mtu yeyote."

Alikuwa akisema kweli, na Mwatime alijua kwamba anasema kweli. Hakuna mtu katika Visiwa aliyejua kama yeye jinsi akili hii inavyoumia. Alikuwa na uwezo wa kuituliza kwa mkato mmoja, na huo ungekuwa wema. Kesho vinyozi wengine wangemshonea kicheko, na mwaka mwingine, Merani wakirudi, mtu huyu angeingiza watoto mlangoni akiwaambia kwamba alikuwepo Salamis. Na Raya angekuwa amekufa kwa dhoruba.

Hakufanya alichokifanya kwa ajili ya haki, wala kwa ajili ya watoto wa kesho. Alijiambia hayo baadaye, na watu waliomtetea waliyasema pia. Wakati ule alikuwa na hasira tu, hasira juu ya Amiri, juu ya Komodoro, na zaidi juu ya nafsi yake, na ilitaka mahali pa kukaa. Aliitoa siku ya kwanza ya Kizinga pale ilipokuwa, akaifunga pamoja na ya leo, na akaanza kuishona mahali ambapo wembe wowote usingeweza kufika bila kuiua akili nzima. Aliishona kwenye jina la Amiri mwenyewe.

Amiri alihisi sindano inakokwenda. "Kinyozi," akasema. "Si hapo."

"Pweza ilikuwa na watu themanini," akasema Mwatime, akaendelea kushona. Alipokaza fundo la mwisho, kuba lilinyamaza kabisa.

Komodoro alirudi akinyoosha kola. Akauliza kama tayari, na Mwatime akasema tayari. Waya ukafunguliwa. Nje nyimbo zilikatika ili watu wasikilize, na sauti ya Waziri ikajaa pangoni, nzito, iliyofanyiwa mazoezi.

"Amiri Mbwarali," akaita Waziri.

"Kilimia," akajibu Amiri. "Zuhura. Mirihi. Utaridi. Zohali. Hizo niliziacha mlangoni mara ya kwanza, zikaungua. Changu. Kasa. Taa. Chewa. Pweza. Hizo nimeziacha leo. Nahodha wa Pweza aliitwa Raya."

Komodoro alirukia waya na kukosa. Waziri akaita tena, akidhani hajasikika vizuri, na Amiri akaanza upya tangu mwanzo.